Kabla ya kumwambia mgeni "hawa walikuwa wawindaji": namna ya kuutazama mchoro wa Kolo

Gari la watalii likitoka Arusha, likapita Makuyuni, Babati na kona za Bereku, hatimaye linafika Kolo, Kondoa, penye michoro ya kale ya miambani. Hapo maelezo huwa yale yale: "Walichora wanyama ili mawindo yawe mepesi." Picha mbili za simu, kisha safari ya Dodoma inaendelea. Maelezo hayo hayakuzaliwa Kondoa. Yalitoka kwenye mapango ya Ufaransa, na hata huko yameshindwa kusimama.

Aliyeyapa nguvu ni padri Henri Breuil, mwanzoni mwa karne ya 20: mchoro ni uganga wa mawindo. Sasa chukua pango la Lascaux, lililogunduliwa mwaka 1940. Mifupa ya chakula iliyochimbuliwa humo karibu yote ni ya kulungu wa nchi za baridi. Ukutani wamejaa farasi na mafahali, na kulungu huyo hutajwa kuwa amechorwa mara moja tu. Kama mchoro ulikuwa wa kuita kitoweo, mbona kitoweo chenyewe hakipo?

Kolo kuna mfano mzuri zaidi, tena wa nyumbani. Ni kundi la watu warefu, wembamba kama fito, na aliye katikati ameshikwa mikono. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mwanamke anayetekwa. Baadaye David Lewis-Williams, aliyebobea katika michoro ya Wasan wa kusini mwa Afrika, aliona mtu aliyepandwa na nguvu za ngoma, wenzake wakimshikilia asianguke. Rangi ni ile ile, mistari ni ile ile, maana mbili zisizokutana. Mimi naegemea upande wa pili, ila kwa tahadhari: maana hiyo, iliyotoka kwa Wasan wa milima ya Drakensberg huko Afrika Kusini, nayo ni ya kuazima. Walio karibu zaidi na mwamba huu ni Wasandawe, kabila la eneo la Kondoa, na wao wana ngoma ya simbo, ambamo mchezaji huingia katika hali ya simba. Kwa nini tuanzie mbali?

Basi ukisimama mbele ya mwamba, acha kwanza swali la maana. Tafuta mahali ambapo mistari inapandana. Michoro myekundu ya mistari myembamba mara nyingi iko chini. Ile myeupe, minene, iliyopakwa kwa kidole, hukaa juu yake, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya wakulima waliokuja baadaye. Ukiisoma yote kama tukio moja, utamkuta mtu mwekundu anamwinda mnyama mweupe aliyechorwa na watu wengine kabisa. Kosa hili ndilo linalozaa hadithi nyingi za "uwindaji".

Kisha umri. Ngeu, yaani ule udongo mwekundu wenye chuma, wa jamii ya ule wanaojipaka morani, haina kaboni ya kupimwa. Huko Sulawesi, Indonesia, walipima urani katika utando wa chokaa uliojijenga juu ya rangi, na mwaka 2024 wakatangaza mchoro wenye angalau miaka 51,200. Angalia neno angalau: kilichopimwa ni utando, na rangi ni lazima iwe imeutangulia. Kolo ni vibanda vya mawe vilivyo wazi, havina mapango ya chokaa yanayojenga utando wa namna ile. Kwa hiyo mtu akikutajia umri kamili wa mchoro wa Kolo, muulize amepima nini.

Sasa jambo linaloniudhi: maji. Ukimwagia mchoro maji, rangi hung'aa kwa dakika mbili na mgeni hufurahi. Lakini maji huyeyusha chumvi zilizomo ndani ya jiwe, na yakikauka huziacha usoni. Ukirudiarudia, ukungu mweupe unafunika mchoro na kupangusa hakusaidii. Mikono nayo huacha mafuta. Badala yake piga picha jiwe likiwa kivulini lote, bila kipande cha jua, kwa ubora wa juu kabisa wa kamera, halafu ipitishe kwenye DStretch, programu inayokuza tofauti za rangi katika picha, kwa mpangilio wake uitwao LRE unaofaa nyekundu. Mchoro usiouona kwa macho utajitokeza. Ila programu haijui kutofautisha ngeu na kutu ya asili ya jiwe, zote inazipandisha, hivyo kila alama irudishe kwenye picha ya kwanza kabla ya kuipa jina.

Mungomi wa Kolo, kibanda kimojawapo chenye michoro hapo, ni suala jingine. Watu bado hupanda kule kuomba mvua na uponyaji, na pombe ya nafaka hunyunyizwa mwambani. Wahifadhi hulalamika, na kwa upande wa rangi wana haki. Hata hivyo kumfukuza mganga ili kulinda mchoro ni kufukuza sehemu ya maana ambayo sote tunadai kuitafuta. Afadhali kukubaliana naye pombe imwagwe wapi. Hasira hizo ziende kwa wanaochimba usiku chini ya miamba wakitafuta mali ya Mjerumani, hazina inayosemekana ilifukiwa enzi za ukoloni: wanavuruga tabaka za udongo zenye mkaa na vipande vya ngeu, yaani vile vile ambavyo vingeweza kutupa tarehe ambazo rangi ya ukutani haiwezi kutoa.