Umeme ni Umeme

Kwanza mjue kwamba mie treni sijawahi kupanda. Nimeiona Dar, imesimama kituoni, nikapita zangu kuwahi boti. Unguja hatuna treni. Kwa hiyo Ami alipokuja kibandani kwangu Darajani, ninapotengeneza feni na redio, akasema anatafuta fundi umeme wa maonyesho ya treni, nilidhani uzee ndio umeanza kubisha hodi.

Kumbe treni zenyewe za kuchezea. Ila neno hilo usilitaje mbele yake. Ami alikuwa baharia. Wenzake kila bandari wakinunua redio na mablanketi, yeye ananunua vichwa vya treni. "Hizi modeli, mwanangu. Moja kwa 87." Yaani kila kitu kimegawanywa kwa 87: kichwa cha treni cha mita 20 kinakuwa sentimita 23. Akanipa kimoja nikishike. Kizito! Magurudumu yana vyuma vyembamba vinavyosukumana kama vya kweli, na dirishani amekaa dereva mkubwa kama harage, kofia kichwani. Reli zimeachana milimita 16.5, dole gumba langu halipiti katikati. Hapo nikanyamaza, nikataja bei yangu.

Ukumbi ulikuwa wa skuli moja huko Vuga, Jumapili asubuhi. Wakusanyaji walikuja kumi na kitu, wengine wamevuka kutoka Dar, mmoja Mombasa, kila mtu na kasha lake kalikumbatia kama mtoto mchanga. Katikati, meza ya Ami: reli ya Bububu nzima. Ile ya kweli ilijengwa na kampuni ya Wamarekani, ikaanza kazi 1905, kilomita kama 11 kutoka hapo Ngome Kongwe mpaka Bububu. Ya Ami ilikuwa mita nne. Ngome kaitengeneza kwa maboksi ya biskuti, na mikarafuu ni sponji la kuoshea vyombo lililotiwa rangi ya kijani.

Wazee wawili walikuwa wameshaanza kubishana. Mmoja anasema jina la Bububu limetokana na mlio wa treni, mwengine anasema ni chemchemi inavyobubujika, na treni imelikuta jina lipo. Yule wa chemchemi akaongeza kwamba hata hiyo treni si ya kwanza, Sayyid Barghash, sultani wa zamani, alikuwa na yake ya kwendea Chukwani, na mwanzo ikivutwa na nyumbu, wale mzao wa punda na farasi. "Nyumbu si treni!" "Basi na hii ya sponji ni nini?" Ikabidi waletewe kahawa.

Sasa akaingia Bwana Mgeni. Mzaliwa wa Malindi ya hapa hapa Unguja, anaishi Marekani miaka mingi, karudi likizo. Akafungua kasha lake watu wakasogea: kichwa cheusi kinachong'aa, mabehewa kumi, na bombani kunatiwa matone ya mafuta, kikikimbia kinatoa moshi. Ami mwenyewe akamtangazia kila mtu: "Hii itatoa moshi wa kweli!" Hilo tangazo lishikeni.

Tatizo likawa plagi. Yake ina bapa mbili, soketi zetu zina matundu matatu ya mraba. Akauliza kama kuna adapta. Adapta? Na fundi nipo? Nikakata plagi, nikamenya waya kwa meno, nikachomeka kofia ya kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, nikasukumiza nyaya ndani. Kila fundi wa mjini anaijua hiyo, msinicheke.

Bwana Mgeni akaniangalia. "Fundi, kule kwetu umeme ni volti 120. Hapa je?"

Na mie jibu nalijua. Volti 230, kila feni ninayofungua imeandikwa. Lakini watu wamenizunguka, watoto wananitazama kama daktari wa upasuaji, ulimi ukatangulia: "Bwana, umeme ni umeme."

Nikawasha.

Transfoma, lile boksi lake la kupunguzia umeme wa treni, ikanguruma. Si mlio wa kawaida, ule wa paka aliyebanwa mlangoni. Bwana Mgeni akagusa kitufe kidogo tu, kile kichwa kikaondoka kama kimedaiwa. Treni iliyopangiwa mwendo wa taratibu, watu waone karafuu, ikapita Malindi hata sikuiona, ikafika kona ya Bububu na mabehewa yake kumi, na kona ikaikataa. Ikaruka. Ikageukia hewani, ikaikumba Ngome Kongwe, ikavuka ukingo wa meza, ikatua kwenye bakuli la urojo la Bi Mkubwa mmoja aliyeletwa na wajukuu wake. Ilizama mpaka dirisha la dereva.

Huku nyuma transfoma inafuka. Moshi mweusi, harufu ya vanishi inaungua. Na watu, kwa sababu ya lile tangazo la Ami, wakapiga makofi! Mama mmoja akanyanyua simu kurekodi: "Mashaallah, moshi wa kweli!"

Kisha pa! Feni zikasimama, taa zikazima, treni za meza zote zikakwama zilipo.

"Umeme umekwenda," mtu akasema kwa uchovu. Nami nikaidaka fursa. "Umeme wa kisiwa hiki jamani!" nikalalamika, tena kwa sauti kuliko wote, mikono kiunoni. "Mtu hawezi kufanya kazi!" Wengi wakaniunga mkono. Nilijisikia vizuri kwa kama dakika moja.

Ami alikwenda dirishani, akachungulia duka la ng'ambo ya barabara. Taa inawaka. Feni inazunguka, na muuza duka chini yake amesinzia raha mustarehe. Ami akageuka polepole, akanitazama mie, akaitazama kofia ya kalamu iliyoanza kuyeyuka kwenye soketi.

"Fundi," akasema. Hakuongeza neno.

Bwana Mgeni alikuwa amepiga magoti, anachokoa bajia kwenye magurudumu kwa kijiti cha meno. Mjukuu mdogo akauliza treni nyengine inaondoka saa ngapi. Bi Mkubwa hakujali reli wala historia. Alinyoosha bakuli lake kunielekea mie, mchuzi umegeuka rangi.

Urojo nilimlipia palepale. Transfoma, mpaka leo bado tunazungumza.