Boneti ya kaboni ikigeuka njano, weka polishi chini

Nyuzi za kaboni hazigeuki rangi. Zinatoka kiwandani nyeusi na zitabaki nyeusi hata gari likishauzwa kama chuma chakavu. Kinachogeuka njano ni kile kinachozishika, yaani rezini ya epoksi, na wakati mwingine klia, ile vanishi angavu iliyopigwa juu yake. Ndiyo maana inauma kuona mtu analipia polishi kila baada ya miezi michache kwa boneti iliyokwisha kuwa na rangi ya asali. Unjano ule si uchafu uliokaa juu. Umo ndani ya rezini au klia yenyewe, na kila polishi inapunguza klia, ambayo ndiyo mwavuli pekee wa kaboni hiyo.

Chanzo ni jua, hasa ile mionzi isiyoonekana inayoitwa urujuanimno. Molekuli za epoksi ya kawaida zina sehemu zinazoinyonya. Zikishapigwa muda mrefu zinakatika, oksijeni inaingia, na vinazaliwa viungo vipya vyenye rangi ya njano hadi kahawia. Joto linaongeza kasi. Hayo ni mabadiliko ya kikemia, na hakuna sabuni wala kompaundi ya kusugulia rangi itakayoyarudisha nyuma.

Kwetu tatizo linakuja mapema. Dar es Salaam na Mombasa, kipimo cha urujuanimno saa sita mchana mara nyingi hufika 11 na kupita, daraja la juu kabisa. Wa Nairobi nao wasidanganywe na baridi: mionzi hii huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na jiji lao liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Gari linaweza kushinda nje siku nzima, boneti isiwe ya moto sana, na rezini ikaendelea kuungua.

Kabla ya kugusa msasa, jua ugonjwa uko wapi. Fungua boneti utazame sehemu zilizofichwa na mpira au chini ya washa za bolti. Pale jua halijafika, hivyo ndipo ilipo rangi ya asili ya kulinganisha. Kisha chagua kona isiyoonekana, upige msasa wa maji namba 2000 eneo dogo kama kiganja, ukiangalia maji yanayotoka. Maji meupe maana yake unakula klia. Kama ukifuta na kulowesha tena pale pameonekana peusi safi, una bahati, kwa sababu klia ndiyo iliyochoka na rezini iko salama. Kama panabaki pa njano hata baada ya klia kuisha, rezini yenyewe imeingiliwa. Maji yakiwa meusi, simama hapo hapo: umefika kwenye nyuzi. Safu ya juu ya kitambaa cha kaboni ina unene wa robo milimita tu au pungufu, na ukishaikata mchoro wa ufumaji wake unaharibika bila dawa. Usitegemee kile kifaa cha kawaida cha kupima unene wa rangi, maana kinahitaji bati chini yake.

Weupe kama maziwa ni ugonjwa mwingine. Hapo klia imeachana na rezini au unyevu umeingia, na yote iliyoachana lazima itoke.

Kazi yenyewe si ya siri, ila inataka subira. Toa boneti kwenye gari ukiweza. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha ifute kwa dawa ya kuondoa nta na silikoni, kitambaa kimoja kilicholowa na kingine kikavu, bila kungoja dawa ikauke yenyewe. Usitumie thina kali, inalainisha rezini. Kama kipande ni cha epoksi tupu ambayo haijawahi kupigwa klia, kinaweza kuwa na utando kama nta ulioachwa na hadena ya epoksi, yaani dawa ya kuigandisha, wakati wa kukauka. Utando huo hutolewa kwa maji na brashi laini ya kusugulia, na ukiupigia msasa ukiwa bado upo unausambaza tu. Klia nyingi zinazobanduka kama ngozi ya kitunguu zilianzia hapo.

Piga msasa namba 400 kwenye unjano, kwa kibao na si kwa vidole, maana vidole vinachimba mifereji. Kingo na mikunjo ziachie mwisho, kwa mkono mwepesi, kwa sababu ndipo klia huwa nyembamba. Endelea na 600, malizia na 800. Tumia maji muda wote: vumbi la kaboni huwasha ngozi na halifai kuvutwa. Vishimo vidogo vya hewa vijaze kwa epoksi safi, uiache ikauke kabisa, usawazishe. Klia haitavifunika, itazama na kuacha tundu.

Kosa ninaloliona ni baya kuliko yote ni kupiga klia mpya juu ya unjano. Siku ya kwanza boneti inang'aa na mteja anafurahi, lakini unjano umefungiwa ndani, na siku ya kuurudia itabidi utoe klia mpya pamoja na ya zamani.

Klia iwe ya vijenzi viwili, ya poliyurethani, ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba ina kinga ya urujuanimno. Ya kopo la kubonyeza isiyo na hadena iache. Nyingi huchanganywa sehemu 2 za klia kwa 1 ya hadena, ingawa nyingine ni 4 kwa 1, kwa hiyo soma kopo na upime kwa kikombe chenye alama. Kwa boneti ya gari dogo, mililita 600 za klia na 300 za hadena zinatosha mikono mitano, yaani kupuliza tabaka tano. Bastola ya kupulizia iwe na tundu la milimita 1.3 au 1.4, hewa karibu bar 2. Piga mikono mitatu, ukiacha dakika 10 hadi 15 kati ya mmoja na mwingine. Pwani, chagua hadena na thina za kukauka polepole. Za haraka hufunga uso wakati mvuke wa thina bado uko chini, na vipovu vinabaki humo. Kompresa iwe na kichujio cha maji, kwa sababu hadena ikikutana na unyevu hutoa gesi.

Acha ikauke hadi siku ya pili, piga msasa 600 kisha 800 kulainisha, na urudie mikono miwili. Lengo ni mikroni 100 hivi (sehemu moja ya kumi ya milimita) baada ya kusawazisha. Rangi ya kawaida ya gari huridhika na klia ya mikroni 50, lakini chini yake kuna rangi inayozuia mwanga. Kaboni haina ngao hiyo. Klia ni kioo chake, na kinga iliyomo inafanya kazi kwa kadiri ya unene.

Hadena hizi zina isosayaneti. Mvuke wake husababisha pumu, na aliyekwisha kudhurika anaweza kushikwa hata na kiasi kidogo sana. Barakoa ya hospitali si kinga. Maski ya kupitisha hewa safi kwa mpira ndiyo sahihi, na vijana wanaosimama gereji kutazama waondoke.

Je, rezini ikiwa imegeuka hadi kwenye nyuzi? Ushauri wangu ni kupaka rangi ya gari. Nissan Skyline GT-R R34 V-Spec II ya mwaka 2000 ilitoka kiwandani na boneti ya kaboni iliyopakwa rangi ya bodi, na wepesi wake haukupungua kwa kutoonekana. Rangi inazuia jua kuliko klia yoyote.

Kwa boneti nzuri, kinga bora ni kivuli, kisha filamu ngumu ya poliyurethani yenye mikroni 150 hadi 200. Klia mpya iachwe kama siku 30 kabla ya kubandikwa filamu. Filamu za plastiki ya PVC za bei rahisi zigeukazo njano zenyewe zisikaribie. Seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya klia, inasaidia maji kuteleza, lakini unene wake ni wa mikroni moja hivi, na kuiuza kama kinga ya jua ni kumpotosha mteja. Waambie pia wanaoosha gari wasipake dizeli wala mafuta ya taa kutafuta mng'ao. Na kama turbo iko karibu na boneti, weka ngao ya joto kwa ndani: epoksi nyingi zilizokaushwa bila tanuri huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi, na hapo mistari ya kitambaa hujichora juu ya klia.

Anayenunua kipande kipya asivutwe na jina la kaboni kavu, ile inayopikwa kwa joto na shinikizo. Ni nyepesi na imara zaidi, lakini rezini yake nayo kwa kawaida ni epoksi, na vipande vingi huuzwa bila klia kabisa. Muulize muuzaji imepigwa klia ya aina gani na mikono mingapi. Akishindwa kujibu, jumlisha lita moja ya klia, hadena na siku mbili za fundi kwenye bei anayotaja, ndipo uamue.