Sahani ya Saba ya Mama Lishe

Ukiuliza vibali vya kuuza chakula barabarani Tanzania, wengi watakujibu: kachukue kitambulisho cha mjasiriamali, lipa 20,000, umemaliza. Hujamaliza. Tangu vitambulisho hivyo vizinduliwe Desemba 2018, walengwa walikuwa wenye mauzo ghafi yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mauzo ghafi, si faida. Hapo ndipo mama lishe anapoumia.

Piga hesabu ya siku 300 za kazi. Milioni 4 ukizigawa unapata 13,333 kwa siku. Wali maharage ukiuzwa 2,000, sahani ya saba inamvusha mpaka wa kitambulisho. Sahani saba! Hizo ni wateja wa benchi moja, kabla hata adhuhuri haijaadhiniwa. Na kwenye ile 14,000 hujatoa mchele, maharage, mafuta, nyanya, mkaa, madumu ya maji na posho ya binti anayeosha vyombo. Fundi viatu mwenye mauzo hayohayo ametumia gundi na uzi, sehemu kubwa inabaki mfukoni. Sheria inawapima kwa kipimo kimoja watu ambao faida zao hazilingani hata kidogo. Muuza chakula anastahili kiwango chake, kinachozingatia gharama za malighafi.

Kiwango cha milioni 4 kisipobadilika, kinga yake ni daftari. Kwa jedwali la kodi la mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Anayeuza sahani 10 kwa siku ana milioni 6, kwa hiyo kodi yake ni 60,000. Daftari limemwokolea 40,000. Aandike kila jioni: tarehe, sahani zilizouzwa, fedha iliyoingia, manunuzi, na alichokopesha. Wengi huandika manunuzi peke yake, halafu wakiulizwa mauzo wanakisia. Makisio si kumbukumbu.

TIN, namba ya mlipakodi, haiuzwi; TRA, mamlaka ya mapato, wanaitoa bure. Beba namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na barua ya serikali ya mtaa. Malipo yoyote ya serikali yawe na kontroli namba (namba ya kumbukumbu ya malipo) au risiti ya mashine. Anayetaka ya mkononi anajichukulia mwenyewe, na kesho atakuja mwingine kudai tena kwa sababu huna cha kumwonyesha.

Afya ni suala jingine, na hapo hatumtetei mtu. Kitambulisho hakimwondoi yeyote kwenye Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009. Kila anayegusa chakula apimwe kila baada ya miezi sita, kipimo cha choo kikubwa kikiwemo, kwa sababu mtu anaweza kubeba vimelea vya homa ya matumbo bila kuhisi hata joto. Kosa la kawaida: mwenye biashara kapima, kadi ya upimaji ipo, lakini binti wa vyombo kaja juzi kutoka kijijini na hana kadi. Yeye ndiye anayeshika kila sahani.

Tazama beseni lake. Saa sita maji ni meupe. Saa nane yana rangi ya mchuzi, na bado sahani zinasuuzwa humohumo. Hilo beseni moja ni hatari kuliko vumbi la barabarani linalosemwa kila siku. Yanatakiwa matatu: la sabuni, la kusuuzia, na la mwisho lenye maji ya klorini, yote yakibadilishwa yanapochafuka. Wali na mchuzi vibaki vya moto, zaidi ya nyuzi 60. Sufuria iliyoipuliwa saa tano na kupakuliwa saa tisa bila moto imeshawapa bakteria nafasi. Kachumbari ndiyo inayopigwa marufuku mapema kipindupindu kikiingia, na kwa haki: haipiti motoni, na mara nyingi imeoshwa kwa maji ya dumu ambayo hayakutibiwa.

Halafu eneo. Kitambulisho hakimpi mtu kiwanja. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na Oktoba 2021 machinga wa Dar es Salaam walipoondolewa barabarani, kuwa na kitambulisho hakukuwa kinga. Kabla ya kununua benchi na turubai, muulize mtendaji wa kata kama sehemu hiyo imetengwa kwa biashara, na jibu liwe la maandishi.

Halmashauri zinazotenga maeneo zianze na bomba la maji na choo, ndipo zigawe vizimba. Na upimaji wa miezi sita uletwe palepale sokoni asubuhi, maana mama lishe aliyekwenda kupanga foleni hospitali siku nzima hajapika.