Kashata za Baba Mkwe

Nyumbani kwangu usiliamini kopo kwa maandishi yake. La aiskrimu lina dagaa wa kukaanga, la siagi lina singo ya kusugulia mwili, la maziwa ya unga lina achari ya ndimu. Chupa ya maji yenye kitu cha kijani ndani ni sabuni ya vyombo, na mgeni wa kulala huambiwa hilo kabla hajaonyeshwa choo. Baba Salma aliwahi kujitilia kijiko kizima cha singo kwenye chai akidhani ni masala, akainywa yote, eti sukari ilikuwa imeshaingia.

Kwa hiyo wifi yangu alipokuwa anaozesha, hakuna aliyeniuliza kama naweza. Nilipangiwa tu: udi wa kufukizia, singo ya bibi harusi, na kashata za kahawa ya wanaume. Tunakaa Ngamiani, Tanga, nyumba zimeshikana, nikianza kupika udi barabara nzima inajua kuna jambo.

Udi wenyewe, kwa asiyejua, ni vipande vya mti usioota kwetu. Unatoka Asia, kuanzia India mpaka huko Indonesia, na ukiwa mzima hauna harufu ya maana. Mpaka uingiwe na kuvu ndani ndipo unatoa utomvu wa kujikinga, na utomvu huo wa ugonjwa ndio tunaougombania madukani. Bei yake usiulize ukiwa umesimama. Sasa ukitaka kufukiza harusi nzima, unafanya walivyofanya bibi zetu, unauongeza kwa sukari. Unachemsha sukari na maji kidogo mpaka ishike rangi, unaepua, ndipo unatia udi uliokatwakatwa, sandali, miski, ambari na marashi. Uepue kwanza, tafadhali. Manukato mengi yana spiriti, ukiyamwaga na moto unawaka, harufu inaruka na nyusi zako zinaifuata. Kisha unakoroga upesiupesi, unamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, unakata mshazari kabla haijaganda.

Na kashata ya nazi? Sukari mpaka ishike rangi, nazi, hiliki, sinia lililopakwa mafuta, unakata mshazari kabla haijaganda. Udi na kashata ni ndugu wa baba mmoja, ila mmoja kasoma.

Masinia yangu mawili yana maua mekundu yote mawili, niliyanunua pamoja. Udi niliuweka chumbani juu ya kabati ukauke. Kashata niliziacha mezani jikoni, nikazifunika kawa. Hilo naweza kuliapia mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha nikaingia kuoga, maana nilikuwa nimeiva moshi mpaka kwenye nywele.

Nikiwa bafuni, Baba Salma akaona sisimizi wanapanda mguu wa meza. Mtu mwingine angeusimamisha mguu wa meza kwenye kopo la maji. Yeye akalipandisha sinia la kashata juu ya kabati, na kwa kuwa pale juu hapatoshi masinia mawili, lile la udi akalishusha jikoni, akalifunika kawa vizuri kabisa, akaenda zake kununua mkaa.

Muda si muda kijana wa wifi akaja kuchukua udi. Salma, wa darasa la tatu, anajua udi uko juu ya kabati, akapanda kiti akamfungashia. Mtoto mtiifu.

Kijana hajafika kona, hodi nyingine. Baba mkwe! Katoka Pangani bila hata kupiga simu, kanzu nyeupe, kofia ya viua, na lile tabasamu lake lenye pengo la mbele, jino lililobaki kwenye muwa tangu enzi za ujana wake. Nikapaza sauti kutoka bafuni, "Salma, mpe babu kahawa, na kashata ziko chini ya kawa!" Mtoto mtiifu, nimeshasema.

Nilipotoka, nimejitanda khanga yangu vizuri, nikapiga goti mlangoni mwa sebule. "Shikamoo baba."

Kimya kidogo. Shavu la kulia limevimba. "Marahaba, mwanangu," akajibu kwa upande mmoja wa mdomo.

Sikushtuka mara moja. Pua yangu ilikuwa imekufa tangu asubuhi, hata ungeniletea samaki aliyeoza ningesema ni asumini. Lakini macho yalikuwa mazima. Kwenye kisahani mbele yake palikuwa na vipande vyeusi vinavyong'aa, na pembeni ya kila kimoja vimechomoza vijiti vyembamba. Nazi haina vijiti.

"Kashata zako," akasema mzee, akameza mate kwanza, akafuatisha funda la kahawa, "zinanukia."

Jamani. Mkwe anaambiwaje? Hivi mnaifikiria hali yangu? Kwa baba yangu mzazi ningesema "baba tema hicho" na habari ingeishia hapo. Lakini baba wa mume, mtu ambaye hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi wangu husema "leo umekolea," naanzaje kumwambia kwamba nimempa kitu cha kufukizia nguo? Nikarudi jikoni kinyumenyume, nikamsukuma Salma. "Nenda kamuulize babu kama yuko salama."

Salma akaenda. Nikamsikia, "Babu, mama anauliza kama umeshakufa."

"Bado, mjukuu wangu," akajibu mzee, akakohoa.

Baba Salma akaingia na mkaa wake, akamuamkia babake, akakitazama kisahani. Akanitazama mimi. Kisha akapita moja kwa moja mpaka uani, na nilipomfuata nilimkuta ameinama nyuma ya tangi la maji, kajaza shati lake mdomoni, mabega yanatikisika.

"Nenda kamwambie," nikamnong'oneza.

"Mwambie wewe, mpishi ni wewe."

"Baba ni wako!"

"Ndiyo maana naona haya."

Nikampigia shoga yangu muuguzi. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena, akacheka, mwisho akasema nimpe maji mengi, nimwangalie, na akilalamika tumbo au akitapika tukimbilie hospitali. Nikapanga tende kwenye sahani nzuri, nikachukua na jagi la maji. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nitaziweka tende mbele, kile kisahani nitakiondoa kwa adabu kana kwamba nafuta meza. Nikaingia macho chini. Nikaweka tende. Nikanyoosha mkono kwenye kisahani.

Kitupu. Hata kijiti.

"Nimemaliza, mwanangu," akasema mzee kwa upole. Shavu lilikuwa limerudi mahali pake. Miguu yangu ikakataa kunyanyuka, nikakaa palepale kwenye mkeka kana kwamba ndivyo nilivyokusudia. Akanywa maji bilauri tatu bila kuombwa, akazungumza habari za minazi yake na bei ya madafu, na kila akifungua mdomo sebule ilinukia kama tuna maulidi. Alasiri ikaingia, akasali, akaaga. Nikamsihi alale. Akakataa, akashika mfuko wa kanzu, akasema bibi anamsubiri. Baba Salma alimsindikiza mpaka stendi, akarudi ananiambia utingo wa gari kamuuliza mzee, "Harusi ya wapi hiyo, Alhaji?"

Usiku sikulala. Si kwa sababu ya mzee tu. Saa mbili ilikuwa imeingia sauti ya wifi kwenye simu, na nyuma yake kelele za wanawake nyumba nzima.

"Wifi, huu udi wako mbona unachemka? Tumeuweka kwenye chetezo umetoa povu! Bibi kauliza nani kaunguza nazi, wamekimbia kuepua pilau mbichi. Nguo za bibi harusi zimefukizwa zote, zinanuka visheti. Na hawa watoto... wewe, toa mkono! Wifi, watoto wanaula huu udi wako. Wanautoa motoni wanaula!"

Nikamuonyesha Baba Salma. Akaenda tena nyuma ya tangi.

Asubuhi simu ikalia mapema, namba ya Pangani. Moyo ukaenda. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, sauti tamu.

"Mwanangu, ahsante sana kwa udi."

"Udi... udi gani, mama?"

"Huu alioniletea mzee mfukoni, kaufunga kwenye leso. Nimefukiza nyumba, majirani wote wamekuja kuuliza. Unajua kupika udi, mwanangu, Mungu akuweke."

Nikashusha pumzi mpaka Baba Salma akaisikia kutoka chumbani. "Baba hajambo, mama? Kalala salama?"

"Hajambo, yuko hapa anakunywa uji. Ila sikiliza," akashusha sauti, "kipande kimoja kina alama za meno. Nimemuuliza, anasema ni panya. Hebu niambie, mwanangu, panya wa huko kwenu wana pengo la mbele?"