Ratiba iliyobanduliwa ukutani

Mwaka wangu wa pili hapa Hamburg, meneja mpya wa ghala letu alibandika ratiba ya zamu: tuanze saa 11 alfajiri badala ya saa 12. Kufikia mchana haikuwepo tena ukutani. Baraza la wafanyakazi, Wajerumani huliita Betriebsrat, lilimkumbusha kwamba saa za kuingia na kutoka kazini hapangi peke yake. Wakakaa mezani siku kadhaa, wakatoka na ratiba ambayo hata wenye watoto wa chekechea waliimudu. Hakuna aliyepaza sauti. Mimi nikaikumbuka Dar.

Nilikofanya kazi kabla ya kuondoka, zamu zilibadilishwa kwa WhatsApp saa 4 usiku: "Kuanzia kesho..." Ukiuliza, una kiburi. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo ya uzazi, akaomba muda wa kunyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku. Afisa rasilimali watu alimsikiliza vizuri, kisha akamwambia, "Dada yangu, hilo kamuone bosi." Nilimkuta chooni akikamua maziwa kwenye sinki, kanga imelowa kifuani.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kwamba shida yetu ni mila au uvivu. Sheria tunayo. Mabaraza ya wafanyakazi yaliingia kwenye mashirika yetu ya umma kwa waraka wa Rais wa 1970, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau, hata wafanyakazi wa viwandani Dar wakaushika na kugoma nao. Hapa Ujerumani, kampuni yenye wafanyakazi 5 wa kudumu inatosha kuchagua baraza, na mwajiri akimfukuza mtu bila kulisikiliza baraza kwanza, hatua hiyo ni batili. Kwa hiyo afisa rasilimali watu wa huku ana la kumwambia bosi: ukifanya hivi, tutashindwa mahakamani. Afisa wetu yule hakuwa na roho mbaya. Hakuwa na pa kusimamia.

Lakini baba yangu alipofariki, bosi yule yule alitoa gari la kampuni likasafirisha msiba hadi Korogwe, wenzangu wakachanga, wakakesha nasi. Mama alipofariki nikiwa huku, nilipewa siku zangu za ruhusa na kadi yenye saini za watu. Waliandika kwa moyo, najua. Ila nililia peke yangu, na hilo sitaki nyumbani waje walizoee.

Mwenzangu yule bado yupo palepale, mtoto sasa yuko darasa la pili. Juzi alinipigia: wamejiunga na chama cha wafanyakazi, jioni wanapita kwa wenzao na fomu, maana chama kikishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi ndipo mwajiri anapaswa kukitambua na kukaa nacho mezani. Wamebakiza watu 11.