Mhadhiri wa udongo aanzie shimoni

Mara ya kwanza kuingia darasani kama mwalimu, nilikuwa sijamaliza hata miezi mitatu tangu nikabidhi tasnifu ya uzamili. Nilipewa flashi yenye slaidi za aliyenitangulia, nikaonyeshwa ukumbi, nikaambiwa, "Haya mwalimu, kazi njema." Mafunzo yangu ya ualimu yaliishia hapo. Nikasoma slaidi zote nikiwa nimewapa wanafunzi mgongo, nikamaliza dakika ishirini kabla ya muda. Kuna swali? Kimya.

Kwetu anayebakizwa chuoni kufundisha ni mwenye GPA kubwa, na cheo kinapanda kwa machapisho. Sina ugomvi na GPA, hata mimi ndiyo iliyonibeba. Ila kujua udongo ni kazi moja, kumfanya mtu mwingine aujue ni kazi nyingine kabisa.

Hilo nilifundishwa Kongwa. Tulichimba shimo la kusomea matabaka ya udongo mwezi wa tisa, ardhi kavu kama tofali, sururu inaruka. Mzee mmoja akapita na jembe begani, akasimama kututazama. "Wanangu, huo udongo mnagombana nao bure. Subirini mvua." Wanafunzi wakacheka. Nikawaambia wasicheke: mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa kulima karanga, na udongo huu huu, wenye mfinyanzi unaoganda kiangazi, ukala majembe yao. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Kisha binti mmoja, ambaye kwenye mtihani aliandika maana ya mfinyanzi bila kukosea neno, akachukua bonge, akalimwagia maji ya chupa, akaanza kulisokota kwa kidole gumba na cha shahada. Utepe ukatoka, dalili ya mfinyanzi. "Kumbe ndiyo huu!" Alikuwa mwaka wa tatu.

Ndiyo maana nasema mwanafunzi wa uzamili anayetarajiwa kufundisha asikabidhiwe somo kabla hajasimamia shimo. Apewe wanafunzi kumi na tano wa mwaka wa pili, achague pa kuchimba, awaulize maswali badala ya kuwatajia majina ya matabaka, na mhadhiri mzoefu akae pembeni na daftari, kimya. Jioni wakae wawili: hapa uliwajibia mapema mno, yule wa nyuma hukumwona.

Najua jibu la idara: hakuna basi, hakuna mafuta, wanafunzi ni mia mbili. Basi la nini? Dhana ya katena, yaani udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka juu ya mteremko hadi bondeni, ilizaliwa huku huku Afrika Mashariki miaka ya 1930, kwa mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, nasi tunaifundisha Dodoma kwa mchoro wa projekta huku mteremko wenyewe unaonekana dirishani, wekundu juu, mbuga nyeusi bondeni. Ni kutembea tu. Sururu moja, koleo mbili, ndoo ya maji. Mwaka huu nimeziomba kwa maandishi. Za kwangu za nyumbani zimeshaisha mipini.