Programu ya kusoma uti wa mgongo ipo bure, tatizo letu ni picha

Wengi huko nyumbani wanadhani kompyuta za huku Uingereza zinasoma picha za mgongo kwa sababu Wazungu wana programu za ajabu ambazo sisi hatuna uwezo wa kuzinunua. Si kweli. TotalSegmentator, iliyotoka Basel, Uswisi, hupaka kila pingili rangi yake kwenye picha za CT, zile zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, na haiuzwi. Anayejua kompyuta kidogo anaweza kuipakua usiku huu akiwa Dar au Mombasa. Tofauti iko kwenye kitu ambacho hakuna anayekisifia: faili.

Huku faili la DICOM, yaani faili asilia la picha za hospitali, linabaki zima kwenye seva ya hospitali, likiwa na ukubwa wa kila nukta kwa milimita, unene wa kila kipande na namna mgonjwa alivyolazwa. Picha ya mwaka juzi ipo palepale. Nyumbani, mara nyingi mgonjwa ndiye anayetunza bahasha ya filamu chini ya godoro, na daktari akitaka ushauri wa mwenzake anaibandika dirishani, anaipiga kwa simu na kuituma WhatsApp.

Chukua mtoto ambaye mgongo wake umepinda kwa pembeni. Pembe ya Cobb, inayotumika tangu 1948, hupimwa kwa mistari miwili: mmoja kwenye uso wa juu wa pingili iliyoinama zaidi juu ya mpindo, mwingine kwenye uso wa chini wa pingili iliyoinama zaidi chini yake. Kuanzia nyuzi 10 tunauita ugonjwa. Kati ya 25 na 40, mtoto akiwa bado anakua, huvalishwa mkanda mgumu. Ikifika 45 au 50, mazungumzo ya upasuaji huanza. Picha ikipunguzwa ukubwa, pembe haibadiliki. Lakini simu ikishikwa kimshazari, filamu ya mstatili inatoka kama trapeza na pembe inabadilika nayo. Hata wapimaji wazoefu hutofautiana kwa nyuzi 5 hivi. Ongeza hitilafu ya simu, na hutajua tena kama mpindo umeongezeka au umetulia. Kompyuta itakuandikia nyuzi 31.4 bila aibu.

Kwenye CT kosa ni jingine. Ili kuokoa nafasi, vipande vyembamba hufutwa na kubaki vya milimita 5. Pingili ya kiuno ina kimo cha milimita 27 hivi, yaani vipande vitano na kidogo. Kwa kipimo cha Genant, pingili iliyopoteza asilimia 20 ya kimo chake inahesabiwa kuwa imebonyea kwa daraja la kwanza. Asilimia 20 ya 27 ni 5.4. Kwa hiyo mvunjiko wote wa bibi mwenye mifupa dhaifu unakaribia unene wa kipande kimoja tu, na programu inabaki kukisia. Pingili za kifuani ni fupi zaidi, huko hali ni mbaya kuliko hapo. Dawa yake haina gharama kubwa: hifadhi vipande vya milimita 1.

Halafu kuna TB ya mgongo, ambayo huku ni nadra na kwetu haijatuacha. Inakula diski, ule mto ulio kati ya pingili, na pingili mbili zinazopakana nayo mpaka zinashikana na kibiongo kinatokea. Programu iliyofunzwa kwa migongo ya Ulaya inaweza kuziona mbili hizo kama moja, na ikiwa inahesabu kutoka juu, kila pingili iliyo chini inapata jina la jirani yake: L1, ya kwanza ya kiuno, inaitwa T12, ya mwisho ya kifua. Daktari wa upasuaji akiifuata namba hiyo, anafungua mahali pasipo ugonjwa. Ndiyo maana lazima mtu ahesabu mwenyewe, kutoka C2, pingili ya pili ya shingo, kushuka, na aangalie mbavu. Hata huku Uingereza hilo halijaachiwa mashine, maana wapo watu waliozaliwa na pingili ya tano ya kiuno iliyoungana na sakramu, mfupa ulio chini yake.

Kwenye picha za kifua nyumbani hatuko nyuma. Mwaka 2021 WHO ilipendekeza kompyuta isome eksirei kuchuja TB kwa wenye miaka 15 na zaidi, na Tanzania inafanya hivyo. Inafaa kwa sababu swali ni moja tu: huyu apimwe makohozi au hapana? Mgongo hauna swali jepesi namna hiyo. Utafiti wa 2015 uliokusanya picha za watu wasioumwa mgongo ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye 80. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa 2016 unawaambia madaktari wa kawaida wasiagize picha ovyo kwa maumivu ya kiuno. Watu huku wanalalamikia foleni ya MRI, na wana haki. Lakini nyumbani mwenye pesa anapigwa MRI kesho yake. Ukiongeza programu inayoipa kila diski daraja, utakuwa umemtia hofu mtu ambaye angepona kwa kutembea na mazoezi.

Kwa hiyo muuzaji akija hospitalini kwenu na kompyuta yake mpakato, msimwachie atumie picha alizokuja nazo. Mpeni za kwenu za zamani, zikiwemo za TB na za vipande vya milimita 5, halafu majibu yake yalinganishwe na yale ambayo daktari wenu wa radiolojia alishayaandika.